Vikapu Vyepesi vya Mvua ya Njahi

Tangu niache kazi, kila mmoja wenu akinikuta barabarani ananiuliza swali lilelile: "Mama Mwende, siku hizi unafanya nini?" Basi leo jibu ninalo: naandika. Mmeachiwa banda, mizani na visu, lakini mambo mengine yalikuwa kichwani mwangu, na kichwa hakitundikwi kwenye msumari pamoja na aproni. Habari za nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitazigusa. Shambani kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, cha mwenye shamba, na ukimwona mwenyewe amezama kwenye matope mpaka magotini, hutakitamani.

Nilifika Kinoo kutoka kwetu Mwala mwezi wa tatu, mawingu yamejaa hadi juu ya paa. Binamu yangu alikuwa ameniambia kuna mama anatafuta mtu wa kuvuna na kupanga mboga. Mama huyo ni Mama Gathoni, ambaye ninyi mnamjua akiwa ameketi kwenye kiti chake akichagua mbegu. Wakati ule alikuwa hakai. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Gumboot uko nazo?"

"Sina, mama."

"Basi leo utavaa za mzee wangu. Yeye hazihitaji, ako mbinguni."

Nikavaa viatu vya marehemu nimejaza magazeti mbele, nikateremka shambani nikiburuta miguu. Shamba mnalijua: refu, jembamba, linaanzia karibu na Waiyaki Way na kushuka mpaka kijitoni. Siku hizo majirani nao walikuwa na mashamba kama hilo, yakifuatana bega kwa bega. Leo ukisimama katikati ya vitalu vya sukuma wiki unaweza kuhesabu nguo za watu kwenye kamba za flati pande zote mbili.

Kazi yenyewe nilielezwa nikiwa nimeinama, kwa sababu Mama Gathoni hakujua kumweleza mtu jambo akiwa amesimama wima. Kulikuwa na familia za Parklands na za Muthangari zilizojiandikisha kuwa wanachama wa shamba. Wanalipa kabla ya msimu, kisha kila Jumamosi wanapelekewa kikapu cha chochote ambacho shamba limetoa wiki hiyo. Hawachagui kama dukani. Shamba likishiba, nao wanashiba, na likifunga, wanafunga nalo. Niliona ni wazimu. Kwetu Mwala hakuna mtu angekulipa leo kwa maharagwe ambayo Mungu bado hajaamua kama yataota.

Mchana huohuo mvua ya kwanza ikanyesha. Mimi ni mtoto wa nchi kavu. Kwetu mvua ikianza, watu wanatoka nje wanyeshewe makusudi, na wazee wanavua kofia. Nikatoka bandani nikicheka peke yangu, matone yananipiga usoni. Kugeuka, namwona Mama Gathoni amesimama chini ya mabati, mikono kifuani, amenuna.

"Sasa njaa imeanza," akasema.

Nilimwona mama mwenye maringo. Nikadhani ndivyo walivyo watu wa huku, wamezoea mvua mpaka wanaitukana. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlijue kabla ya lingine lolote. Huku wanaiita mvua ya njahi, ile mvua ndefu, na mwanachama wa mjini akiiona anafikiri kikapu chake sasa kitafurika. Wapi! Nyanya za kiangazi zinaoza mvua ikizigusa. Spinachi inatoka madoa. Sukuma ya zamani imechoka, imeanza kutoa maua. Na miche mipya ambayo umeitoa kitaluni ina ukubwa wa ukucha. Dunia nzima ni ya kijani, hata mawe yameota, na wewe huna cha kuweka kwenye kikapu. Wiki zile ndizo ngumu kuliko kiangazi chenyewe, kwa sababu wakati wa jua kila mtu anakuelewa.

Dawa yake Mama Gathoni alinifundisha kwa kunichapa mgongoni na bua la sukuma. Nilikuwa nimepewa jembe nipalilie, nami kwa bidii ya mgeni nikawa nang'oa kila kitu ambacho hakikuwa kwenye mstari.

"Wewe! Hiyo ni kikapu ya watu unang'oa!"

Nilikuwa nimeshika terere, mchicha wa kujiotea. Terere na managu, yaani mnavu, hazipandwi, zinaibuka zenyewe mvua ikishika, na ndizo zinazotuvusha. Majani machanga ya malenge pia, ukiyachuna ncha na kuyatoa nyuzi. Kwa hiyo wakati wa njahi jembe letu linapita polepole kuliko la watu wengine, na mwenye haraka apelekwe akachote mbolea.

Kupanga kikapu ni kazi ya mikono, lakini ina akili yake. Kizito chini, majani yasimame wala yasilale, dania, ile giligilani ya kunukia, juu kabisa kwa sababu inaringa. Mboga iliyovunwa ikiwa na maji ni mgonjwa: itandaze kwenye magunia chini ya banda ipumue kwanza, hata kama dereva anapiga honi. Funga mafungu kwa ukambaa wa mgomba, si raba, kwa maana raba inakata shina na mama wa Muthangari analalamika kisha anakata simu. Halafu, kikapu cha Parklands kisiwe na kitu kilichochimbwa.

Hilo la mwisho tulijifunza mapema. Wanachama wetu wa Parklands ni Wahindi, na wengi wao ni Wajaini. Hawali nyama, hawali mayai, na hata kiazi, kitunguu na karoti hawagusi, kwa sababu ukichimbua mmea umeumaliza wote, pamoja na wadudu waliokuwa wamejilalia huko chini. Mara ya kwanza kuelezwa, Mama Gathoni aliuliza kama hao watu wako hai kweli. Lakini akaheshimu. Waliotoka Parklands walikuwa karibu nusu ya wanachama wetu wote, na waliongozwa na Madam Kokila, mwalimu mstaafu aliyezaliwa papo hapo Parklands. Vikapu vyote vilishushwa kwake, majirani wakaja kuchukua. Aliyempata Madam Kokila amewapata wote, na aliyemkosa, vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye mwaka wa mvua ya mawe.

Mwaka huo mvua ilichelewa hadi tukaanza kumwagia miche maji ya kuoshea vyombo. Halafu ikaja yote kwa mkupuo, na jioni moja ikaja na mawe. Tulikaa bandani tukisikiliza mabati. Ilipokatika tukashuka. Miche ya kabichi ilikuwa imesagwa kama mtu ameipitishia kinu. Spinachi imebaki mishipa. Mama Gathoni aliokota jiwe moja la barafu, akalitazama likiyeyuka kiganjani, akasema, "Haya."

Kijana wake Kimani alikuja kesho yake. Kimani si mtu mbaya, na akisoma haya anajua nimesema hivyo. Alikuwa na kazi nzuri mjini, na alikuwa na mchoro wa flati uliochorwa ukapakwa rangi, wenye miti midogo na magari mbele. Yeye na mama yake walikuwa na mapatano: maadamu wanachama wanajaza msimu, shamba linabaki shamba. Msimu ambao hawatajaza, mchoro unashuka ardhini. Na wanachama walitakiwa kusema kabla ya mwezi kuisha kama wataendelea. Mapatano hayo sote pale bandani tuliyajua, kwa sababu kazi zetu zilikuwa ndani yake.

"Mum," Kimani akasema, akilitazama shamba, "Kangemi kuna kabichi zimejaa soko. Tununue, tupange kwa kikapu. Nani atajua?"

"Kabichi itajua," mama yake akajibu. "Na Mama Mwende atajua, na huyo hawezi kufunga mdomo."

Mimi nikaendelea kufunga dania, nikijifanya sikusikia. Ukweli ni kwamba wazo la Kimani halikuwa geni. Kulikuwa na shamba jingine, mbali na sisi, lililogunduliwa likifanya hivyohivyo, na habari zilikuwa zimezunguka kwenye wasap za wanachama. Wiki hiyo tukapeleka tulichokuwa nacho: terere, sukuma kidogo iliyotoboka, na dania. Jioni Madam Kokila akapiga simu, akauliza kwa upole, "Mama Gathoni, hizi mboga ni za shamba lenu, kweli?"

Mama Gathoni akajibu ndiyo, ni zetu. Lakini alipoweka simu chini alikuwa ameshasikia jambo jingine kabisa. Alisikia kwamba kikapu ni kidogo na watu wamechoka. Hakulala vizuri, nami sikulala, maana kama Parklands wangeondoka, hakuna hesabu ambayo ingeokoa lile shamba.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa napanga kikapu cha Madam Kokila, Mama Gathoni akaja bandani amebeba kuku. Tetea mwekundu, mzima, mnene, miguu imefungwa ukambaa.

"Weka huyo juu."

"Mama, hao watu hawali nyama."

"Najua. Kwani nimemchinja? Huyo ni wa kutaga."

"Mayai pia hawali."

"Mama Mwende, zawadi haiulizwi inaliwa ama hailiwi. Mkono mtupu haulambwi. Mtu akikosea mwenzake anampelekea kuku, hata kwenu Ukambani ni hivyo."

Na kwetu Ukambani ni hivyo. Huo ndio ulikuwa ugumu wake. Kama angekuwa amebeba kiazi, ningeshinda ile hoja. Lakini kuku ni heshima, ndiye anayechinjiwa mgeni na mkwe, ndiye anayemaliza ugomvi, na pale bandani hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wangu. Dereva wetu mwenyewe alisema angefurahi kukosewa hivyo kila wiki. Kuku akaondoka na kikapu, kichwa kikining'inia nje kama abiria mwenye kichefuchefu.

Simu ya Madam Kokila haikuchelewa. Safari hii upole haukuwepo. "Mama Gathoni, njoo. Leo. Na majirani wamemwona."

Tulikwenda wawili. Njia nzima Mama Gathoni alishika mkoba wake magotini. Mimi nilikuwa naogopa, na hofu yangu huwa inatoka kwa maneno, nikamweleza mambo ya kusema na ya kutosema mpaka tukafika. Tukavua viatu mlangoni, tukaingizwa kwenye veranda.

Pale kwenye bembea ya mbao alikuwa ameketi mama mkwe wa Madam Kokila, bibi mdogo wa umbo, amevaa sari nyeupe, wote humwita Ba. Chini, juu ya taulo lililokunjwa vizuri, alilala kuku wetu. Miguu yake ilikuwa imefunguliwa na kupakwa bizari ya manjano, na mbele yake kulikuwa na wali kwenye sahani. Sijawahi kuona kuku aliyetulia vile.

"Angalia hiyo miguu," Madam Kokila akasema. "Imevimba. Mtu anatuma kuku amefungwa, kichwa chini, kwa nyumba ya watu kama sisi? Miaka yote hii unatujua, Mama."

"Nilikuwa naomba msamaha, Madam. Kikapu kilikuwa chepesi."

"Kwani nani alilalamika kikapu ni chepesi? Niliuliza tu kama ni zenu."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tumejibu swali ambalo halikuulizwa, na lile lililoulizwa tukalifunga miguu tukaliweka juu ya dania.

Ba akasimamisha bembea akasema kitu kwa Kigujarati, akituonyesha kuku kwa kidole.

"Ba anauliza," Madam Kokila akatafsiri, "mkirudi na yeye nyumbani, mtamfanya nini?"

Hapo mimi nilikuwa na jibu zuri sana. Nilikuwa nimelitengeneza tangu ngazini: kwamba kuku atarudi kwa wenzake, atakula majani mabichi, atazeeka kwa amani. Nikavuta pumzi. Mama Gathoni akaniwahi.

"Kesho ni Pasaka," akasema. "Watoto wanakuja. Nitamchinja."

Nilifumba macho. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Niliona ule mchoro wa flati na miti yake midogo, nikaona mahali ambapo banda letu lingekuwa maegesho. Niliposikia Madam Kokila hatafsiri, nikafumbua. Alikuwa anamtazama Mama Gathoni tu. Kisha akatafsiri, polepole, na Ba akasikiliza hadi mwisho.

Bibi yule alimtazama Mama Gathoni. Umri wao ulipishana, lakini wote wawili walikuwa na mikono iliyofanya kazi. Halafu akasema maneno machache, na Madam Kokila akakaa chini kwanza kabla ya kutuambia.

"Anasema, mtu anayeshindwa kudanganya juu ya kuku, mbele ya mteja aliyekasirika, hawezi kudanganya juu ya sukuma."

Mama Gathoni alikuwa amekodolea macho vidole vya miguu yake kwenye ile sakafu safi.

"Lakini anataka uahidi hutamchinja. Ukisema hivyo, ataamini."

"Hata akizeeka?"

"Hata akizeeka."

Mama Gathoni alimtazama yule kuku, mnene alivyokuwa, akashusha pumzi kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa. "Sawa. Hatachinjwa." Tukapewa chai ya tangawizi, tena ya kuongezwa. Kuku akarudi Kinoo amekaa magotini mwangu kwenye taulo la Parklands, na Pasaka ikaliwa jogoo wa jirani.

Ahadi ilitimizwa. Kuku yule aliishi mpaka akaacha kutaga, akaishi tena baada ya hapo, anakula, anatembea, hafanyi kazi yoyote wala hakuna anayethubutu kumgusa. Tukamwita Mheshimiwa. Kinoo nzima ilitucheka, na Mama Gathoni alikuwa akipita karibu naye anamwangalia kwa jicho la majuto, lakini kisu hakukishika.

Jumamosi baada ya Pasaka nilipanga vikapu vya Parklands vikiwa vyepesi kuliko vyote nilivyowahi kupanga. Terere, majani ya malenge, fungu moja la sukuma, dania. Nilitafuta cha kuongeza, hata limau. Mama Gathoni akanishika mkono. Akamwambia dereva, "Waambie hii ndiyo iko. Usiongeze neno."

Kreti za kubebea vikapu zilirudi mchana zikiwa tupu. Katika mojawapo kulikuwa na bakuli lenye kifuniko, na ndani yake chapati nyembamba za madoadoa ya kijani. Walikuwa wameikanda terere yetu ndani ya unga, na manjano na pilipili. Dereva akatoa ujumbe alioubeba kutoka kwa Madam Kokila: familia zote za Parklands zinaendelea, na kuna wengine wawili kwenye ghorofa yao wanaomba kuingia.

Kimani alikuwa pale bandani, amekuja kusikia jibu. Mama yake akampa chapati ya kwanza yeye. Ya pili akaila mwenyewe, akatafuna amefumba macho, machozi yanamtoka na hayapangusi.

"Tamu," akasema. "Tamu sana. Ingekuwa na kakuku kidogo ndani, ingekuwa imemaliza kabisa."

Kimani alicheka mpaka akakalia kreti. Mchoro wake sitasema ulichanwa. Uliviringishwa ukawekwa juu ya kabati, na nasikia panya wameshaanza kukaa vyumba vya juu. Mwenyewe alianza kuja kila Jumamosi, mwanzoni akipanga dania chini na malenge juu, nami nikimchapa na bua la sukuma, kwa kuwa ndivyo elimu inavyorithishwa pale. Leo ndiye bosi wenu. Msimwambie nimesema alikuwa mzito.

Miaka baada ya hapo ilikuwa mizuri, na miaka mizuri haina hadithi. Magoti yangu ndiyo yaliyonistaafisha. Mlininunulia keki, mkaniimbia, na Kimani akaniandikisha kuwa mwanachama wa shamba. Nikashukuru, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi ambao sikuwaambia. Ilikuwa ndiyo kwanza mvua ya njahi imeanza. Niliwajua mnavyonipenda. Nikajiambia, hawa watanijazia kikapu. Watapita sokoni waninunulie kabichi na nyanya, kwa heshima, ili mama yao asione aibu mbele ya majirani.

Jumamosi dereva akaniwekea kikapu mlangoni, hapa juu kwenye flati ninakoishi, huku nje kunanyesha. Nilikitazama kabla ya kukishika. Kisha nikakiinua, kikaja juu kwa vidole viwili. Terere, imepumua, kavu. Majani ya malenge yametolewa nyuzi. Sukuma kidogo, ina matundu. Dania juu.

Nikaketi jikoni nikalia, machozi ya furaha, halafu nikawasha jiko.